Nimepika wiki nne kwa ratiba ya chakula cha kubana matumizi, maoni yangu haya hapa

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike: inafaa kununua. Ila kuna sehemu lazima uzirekebishe mwenyewe na mbili kati ya hizo ni za usalama sio za ladha, kwahiyo hata kama unayo tayari na umeshaanza kupika naomba usome pale kwenye maharage mekundu na pale kwenye wali.

Ni ratiba ya wiki nne, faili la kudaunlodi kwenye simu, unalipa mara moja tu na ni yako. Bei yake ndogo, ukikosa kununua chakula kilichopikwa tayari siku moja tu hela yake imesharudi. Kila wiki ina jedwali la siku saba, orodha ya manunuzi ya ukurasa mmoja, halafu mapishi. Asubuhi ni uji wa oti au mkate na mayai, mchana ni kiporo, jioni ndio pishi lenyewe.

Sisi nyumbani tuko watano, mimi na mama watoto, kijana wa miaka 15, binti wa 11 na mdogo wao wa 6. Mama watoto anaingia zamu ya usiku siku nne kwa wiki kwahiyo jioni jikoni ni mimi, na kwa muda mrefu jioni zangu zilikuwa hivi, nafungua friji, nasimama, nawaza, halafu namtuma mtoto dukani. Hela yetu ilikuwa inaishia hapo. Hatukuwa tunakula vitu vya gharama hata, ilikuwa ni vitu vidogo vidogo, leo soseji kesho mkate mwingine keshokutwa nimechoka tunanunua chakula cha tayari, ukija kukaa chini mwisho wa mwezi ukajumlisha unakuta ukitoa kodi hakuna kingine kilichokula hela kama tumbo, na bado kwenye friji kuna kabichi inanyauka na nusu kopo la nyanya limeota ukungu.

Sasa kitu ambacho nimekilipia na ningekilipia tena ni ule mfuatano. Mapishi ya bei nafuu yako kila mahali bure, hayo sio ya kununua. Humu chakula cha leo kinazaa cha kesho. Wiki ya kwanza Jumapili unaoka kuku mzima na viazi na karoti, ila unaambiwa kabla hujapakua toa nusu ya nyama weka pembeni, kabla hujapakua sio baada, maana nyama ikishafika mezani hairudi. Jumatatu ile nyama unaichambua nyuzi nyuzi inaingia kwenye wali wa kukaanga na kabichi, karoti na mayai mawili, kila mtu anaiona nyama kwenye sahani yake ingawa ni kidogo. Mifupa ya Jumapili haitupwi, usiku uleule inaingia sufuriani na vichwa vya karoti na kipande cha kitunguu, inachemka moto mdogo kama masaa mawili, unachuja, na hiyo ndio supu ya dengu ya Jumanne. Jumatano sufuria kubwa ya maharage. Alhamisi maharage yaliyobaki yanapondwa yanawekwa juu ya viazi vya kuoka, Ijumaa tambi na sosi ya nyanya, Jumamosi hakuna pishi jipya, kila kilichobaki kwenye friji kinakatwakatwa kinaingia kwenye mayai.

Hiyo Jumamosi ya mayai ndio wanangu wanaipenda kuliko siku zote, sikutegemea kabisa. Wanachagua wenyewe nini kiingie, mdogo anapewa kazi ya kupiga mayai kwenye bakuli, na hakuna kinachobaki. Na kilishe sio chakula cha kudharau, yai moja lina karibu gramu 6 za protini, ukiongeza na maharage ya juzi umeshawashibisha watoto vizuri bila kununua nyama.

Mfuatano huu nimeuelewa zaidi pale nilipouvunja. Wiki ya pili nilikuwa nimechoka, mifupa nikaitupa, Jumanne imefika supu haina kitu cha kuipa ladha nikatuma mtoto dukani kununua vidonge vya supu, na akirudi karudi na vitu vitatu vingine maana ndio tabia ya duka, huendi ukanunua kimoja. Hapo ndio nikaona kwamba kinachobana matumizi ni kutokwenda dukani. Tulikuwa tunaenda karibu kila siku, sasa hivi ni mara moja kubwa na mara moja ndogo ya maziwa na mboga za majani. Kingine ni kutokutupa. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 ilisema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani, sio hotelini wala sokoni, majumbani kwetu. Nilipoisoma nikaikumbuka ile kabichi.

Kitu kingine alichofanya vizuri aliyeiandaa ni mpangilio wa mboga. Za majani zinaliwa siku mbili za mwanzo baada ya manunuzi, kabichi na karoti na vitunguu vinavyovumilia vinakaa mwisho wa wiki. Ni kitu kidogo ila wengi hatufanyi, tunaanza na tunachokipenda. Halafu siku za maharage na dengu kila mara kuna limau la kukamulia au pilipili hoho mbichi pembeni, na hiyo ina sababu, vitamini C inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyoko kwenye nafaka jamii ya kunde, ambayo peke yake hayaingii vizuri kama yale ya nyama. Kwa nyumba inayokula nyama mara moja au mbili kwa wiki hilo limau lina kazi kubwa. Yeye hajaeleza kwanini ameliweka na angeeleza ingesaidia, maana mtu akikosa limau ataliruka tu akidhani ni la ladha.

Haya, maharage.

Maharage ndio nguzo ya ratiba nzima, kikombe kimoja kikavu kinatoa vikombe viwili na nusu mpaka vitatu vikiiva, hakuna chakula kingine cha bei hiyo kinachojaza hivyo. Sasa inakuwaje ukurasa wa maharage ndio uwe dhaifu kuliko zote? Imeandikwa weka kila kitu kwa pamoja, maharage, maji, kitunguu, nyanya, chumvi, funika, dakika 60. Nikafuata hivyo hivyo. Dakika 60 zimefika maharage ni mawe. Nikaongeza maji, saa moja na nusu, masaa mawili, punje zimebabuka ngozi lakini ndani bado zinagonga meno, watoto wana njaa, gesi inaungua, mwisho nikawapikia mayai nikazima jiko.

Kosa ni nyanya. Tindikali ya nyanya inazuia ukuta wa punje kulainika, na limau na siki ni hivyo hivyo, kwahiyo vitu vichachu vinaingia maharage yakishaiva, wakati wa kuunga. Waliopika kabla yetu walijua hili, walichemsha kwanza halafu wakaunga baadaye, na mimi nimeliona mara nyingi tangu utotoni sema nilikuwa naiamini karatasi kuliko nilichokiona. Chumvi watu wanaisingizia tu, ukiweka chumvi kwenye maji ya kulowekea ngozi inalainika vizuri zaidi. Na kama maharage yako yamekaa sana kabatini, mwaka na zaidi, hayo yanakuwa magumu kulainika, utayapa muda mrefu zaidi au uweke chembe ya baking soda kwenye maji.

Toka wiki ya pili naloweka usiku, asubuhi namwaga maji, nachemsha bila nyanya, yakiiva ndio nakaanga kitunguu, nyanya, kiungo kidogo, naunga. Hayajawahi kuniangusha tena.

Sasa hili ni la kuzingatia zaidi. Wiki ya tatu kuna pishi la maharage mekundu, yale makubwa ya umbo la figo, na ratiba inasema yaoshe uyatie makavu kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, moto mdogo, masaa 8, urudi kutoka kazini ukute chakula. Mimi ningefanya. Kilichoniokoa ni mama watoto, yeye anafanya kazi kwenye jiko kubwa la kupikia watu wengi, alikuwa anaangalia orodha ya manunuzi tu akapita kwenye lile pishi akaniambia baba, hili usilipike hivi.

Maharage mekundu mabichi yana lektini nyingi, ni sumu ya asili ya mmea wenyewe, haina uhusiano na dawa za shambani. Inaharibiwa na mchemko mkali. Sufuria ya kupika polepole mara nyingi haifiki joto la kuchemka, na joto la katikati kama nyuzi 80 linaweza hata kuifanya sumu iwe kali kuliko ya maharage mabichi kabisa. Punje nne au tano ambazo hazikuiva zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha ndani ya masaa machache. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wanashauri uloweke angalau masaa 5, umwage yale maji, uchemshe kwenye maji mapya kwa dakika 30, maji yawe yanatokota kweli kweli sio yanatetemeka. Ukishafanya hivyo ndio unaweza kuyahamishia kwenye sufuria ya polepole yamalizikie humo. Ya kopo hayana shida, yameshapikwa kiwandani.

Niliwaandikia waliouza ratiba, nikawaeleza kwa heshima, mpaka leo sijajibiwa. Hili limeniuma kwasababu mtu anayenunua ratiba ya namna hii anaifuata mstari kwa mstari, ndio maana amenunua, na wengi wana watoto wadogo.

Na wali. Ratiba inakupikisha wali wa siku mbili kwa mpigo, wazo zuri maana wali wa jana ndio unaokaangika vizuri, haushikani. Ila imeandika "acha upoe kwenye sufuria mpaka asubuhi". Hapana jamani. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake haziuliwi na kupika, wali ukikaa uvuguvugu masaa mengi zinaamka zinazaliana na kutoa sumu, na hiyo sumu hata upashe moto asubuhi haiondoki. Shirika la Afya Duniani wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, kiingie kwenye ubaridi chini ya nyuzi 5. Mimi nautandaza kwenye sinia pana dakika kama ishirini unapoa haraka, unaingia kwenye chombo chenye mfuniko, friji, unaliwa kesho yake na unapashwa mara moja tu mpaka uwe wa moto kweli kote. Kama huna friji basi hii sehemu ya wali wa siku mbili iruke kabisa, pika wa kutosha siku hiyo, na ule mfuatano wa kuku utaufanya kwa kununua vipande vichache badala ya kuku mzima. Ratiba haijamfikiria kabisa mtu asiye na friji na hilo nalo nalihesabu kama upungufu.

Vipimo. Inasema ni ya watu wanne. Sisi ni watano nikazidisha kidogo nikadhani nimemaliza, wiki ya kwanza kijana wangu saa tatu usiku yuko jikoni anatafuta mkate. Mtoto wa miaka 15 sio nusu mtu, anakula kuliko mimi na ndivyo inavyotakiwa, anakua. Tambi kwa mfano wameweka gramu 300 kwa watu wanne, hiyo ni 75 kila mmoja, kwa yule wa miaka 6 inazidi, kwa huyu kijana haifiki hata nusu ya safari. Nilichofanya ni kuongeza maharage, viazi na wali tu, nyama nimeiacha palepale ilipoandikwa, na tumeshiba. Kwahiyo usizidishe orodha nzima, zidisha vile vya kujaza.

Muda ni suala ambalo nataka wauzaji wa hivi vitu wawe wakweli. Pishi limeandikwa dakika 30 lakini hizo dakika zinaanzia pale vitunguu vimeshakatwa, karoti zimeshamenywa na sufuria iko safi. Mimi lilikuwa linanichukua karibu saa zima wiki ya kwanza, baadae likashuka mpaka dakika 45 kwasababu binti yangu amejua kukata na tunafanya wawili. Serikali ya Marekani ina mpango wake wa chakula cha gharama ndogo tangu mwaka 1975, ndio wanaoutumia kupigia hesabu ya msaada wa chakula kwa kaya za kipato kidogo, na kwa miaka mingi watu waliulalamikia kwamba unadhani kila familia ina muda wa kupika kila kitu kuanzia mwanzo, mpaka walipoupitia upya mwaka 2021 gharama yake ikapanda asilimia 21. Nimeutaja kwasababu tatizo ni lilelile. Ukihesabu hela ya sokoni peke yake utaona umeokoa sana, lakini mzazi anayetoka kazini saa moja jioni analipa kwa kitu kingine, na ratiba nzuri ingelisema hilo wazi.

Gesi pia haikuhesabiwa. Masaa mawili ya mifupa, saa moja na nusu ya maharage, kuku wa oveni, hiyo ni nishati na inalipiwa. Kama una presha kuka itumie bila kusita, ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120 badala ya 100 za kuchemka kawaida, maharage yaliyolowekwa yanaiva ndani ya dakika ishirini na kitu. Sisi hatukuwa nayo wiki mbili za kwanza, tukaazima, na sasa tunaweka akiba tununue yetu. Kama huna, loweka usiku mzima, funika sufuria muda wote, na chemsha maharage ya siku mbili kwa mkupuo mmoja, na hiyo mifupa ichemshe siku ambayo jiko linawaka kwa kazi nyingine.

Wiki ya kwanza itakugharimu zaidi ya kawaida, ujiandae kisaikolojia. Unanunua mafuta, unga, viungo, oti, mfuko wa mchele, vitu vitakavyokaa mwezi mzima lakini hela inatoka leo. Mimi niliingiwa na hofu nikadhani tumepigwa, wiki ya tatu ndio hela ikaanza kubaki, na wiki ya nne ikabaki kiasi cha kulipa kitu tulichokuwa tunakiahirisha tangu mwanzo wa mwaka. Kabla ya kwenda kununua pita kabatini na kalamu ukate kila ulichonacho, orodha yao inadhani jiko lako ni tupu.

Ladha ni ya kawaida, nzuri, haina maajabu. Supu ya dengu ni tamu sana, ile sosi ya nyanya ina kitunguu kidogo mno, ongeza mara mbili na ukaange taratibu mpaka kiwe rangi ya dhahabu utaona tofauti. Wiki ya pili kabichi imetokea siku nne na siku ya nne yule mtoto wa miaka 6 alilia, kweli alilia mezani, nikambadilishia karoti. Kwahiyo usiogope kubadilisha mboga kwa mboga ya bei ileile, mfuatano hauvunjiki, unavunjika ukigusa maharage, kuku au mayai.

Naipa nne kwa tano kwa wazo na mpangilio. Kwa usalama wa yale mapishi mawili naipa moja, na nitaipandisha siku wakirekebisha. Kama una familia, una friji, na mtu mmoja nyumbani anaweza kukaa jikoni saa moja jioni, nunua. Kama unaishi peke yako sikushauri, kuku mzima atakuchosha.

Faili langu nimeliprinti, nimekata kwa kalamu nyekundu ukurasa wa wali na ule wa maharage mekundu nimeandika upya pembeni kwa mkono, limebandikwa mlangoni mwa friji. Kesho tunaanza mzunguko wa pili. Binti ameshachambua vikombe viwili vya maharage akatoa mawe, yako kwenye maji, na kijana ameomba yeye ndiye amchambue kuku Jumapili ila nimemwambia nusu inaingia friji kwanza.